Mitungi Sita

Kila ninapopanda ndege, kabla sijafunga mkanda, nainama na kupeleka mkono chini ya kiti. Natafuta kifuko cha jaketi la kuokolea maisha. Nikikipata nakivuta kidogo, nasoma lebo kama inasomeka, nakirudisha. Haichukui hata dakika moja, lakini watu hunishangaa.

Mara ya mwisho ilikuwa Kisongo, kwenye uwanja wetu mdogo wa Arusha, asubuhi ya baridi, Mlima Meru umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Tulikuwa tunakwenda Zanzibar kwa ndege ya injini moja. Kaka niliyekaa naye akaniuliza, "Dada, umedondosha kitu?" Nikamwambia hapana, naangalia kama jaketi lipo. Akacheka kwa adabu, akarudi kwenye simu yake. Lakini kabla rubani hajawasha injini nikamwona naye anainama.

Tabia hii sikuzaliwa nayo. Nimeambukizwa na baba mdogo.

Baba mdogo ni fundi wa ndege mstaafu. Amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30, kwa waajiri tofauti, na hakuna hata mmoja nitakayemtaja hapa. Sasa anaishi kwenye miteremko ya Meru, juu ya Usa River, kati ya migomba na mizinga yake ya nyuki. Usiku anga likiwa safi, anakaa barazani na kuangalia taa za ndege zinazoshuka KIA. Hasemi "ndege ile inatua." Anasema, "Wale wamefika." Kwake ndege ni watu.

Nilipokuwa mdogo nilidhani fundi wa ndege anatengeneza injini tu. Niligundua vingine Desemba 2013, nikiwa nyumbani likizo. Tarehe 18 mwezi huo ndege kubwa ya Ethiopia, Boeing 767 iliyokuwa ikielekea KIA, ilitua Kisongo. Waliokuwepo Arusha wanakumbuka. Njia ya kurukia pale ilikuwa na urefu wa mita 1,600 hivi, imezoea ndege za watalii wanaokwenda Serengeti. Lile dude likatua, likaishiwa lami, likasimama kwenye majani. Nusu ya mji ilikwenda kuangalia, na mimi nikiwemo.

Abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa kwa sababu uwanja haukuwa na ngazi ya kufikia mlango ulio juu kiasi kile. Pale nje kila mtu alikuwa mtaalamu. Mama mmoja akauliza, "Si wana lile pira la kutelezea? Mbona hawalifungui?" Jioni nikampelekea baba mdogo swali hilohilo. Akaniambia mtelezo wa dharura si ngazi. Watu huvunjika miguu juu yake, huchubuka, huangukiana, kwa hiyo kama hakuna moto wala moshi ni heri kusubiri. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule: "Halafu lile unalifungua siku moja tu. Injini inakwambia kila siku kama ni mzima au mgonjwa. Mtelezo haukwambii. Umekunjwa mlangoni miaka, umenyamaza. Utajuaje kama utafunguka? Utajua kwa sababu kuna mtu ameandika kwamba ameukagua."

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nikaitikia ili tuendelee kula.

*

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa chumba cha habari hapa Arusha, zamu ya wikiendi, nikitarajia siku ya usingizi. Asubuhi simu zikaanza. Ndege ya Precision Air, ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam, imeanguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ndani yake walikuwemo watu 43. Walionusurika ni 24, na 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili.

Sikwenda Bukoba. Nilifanya kazi kwa simu, kama wengi wetu, na kama wengi wetu niliandika habari ya kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyefika na kasia lake. Alisimulia jinsi alivyoupiga mlango wa nyuma kwa kasia, jinsi rubani alivyomwashiria kutoka ndani ya kioo, jinsi kamba ilivyokatika na kumpiga usoni akazimia, akazindukia hospitali. Baadaye kukawa na mabishano kuhusu nani hasa aliufungua mlango ule. Siku ile hatukubishana. Nchi ilikuwa inalia, na sisi tulikuwa na shujaa wa miaka 20. Niliandika makala ambayo watu waliisambaza sana. Nililipenda neno "kasia." Nadhani nililitumia mara saba.

Mwezi huohuo ikatoka taarifa ya awali ya uchunguzi. Humo ilielezwa kwamba wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika na kuokoa watu. Boti ya uokoaji ilifika mchana, saa nyingi baada ya ajali, na ilipofika, wazamiaji walikuwa na upungufu wa oksijeni kwenye mitungi yao, na boti yenyewe ilikuwa na upungufu wa mafuta.

Niliisoma haraka nikaendelea na kazi nyingine. Baba mdogo ndiye aliyenipigia.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba. Nimesoma ile habari yenu ya kasia. Nzuri. Sasa mitungi?"

"Mitungi gani?"

"Ya wazamiaji. Mtungi wa kuzamia una geji. Mtu anaiangalia, anaandika kwenye daftari. Daftari lile lilisema nini? Nani aliangalia mara ya mwisho? Wewe si mwandishi? Mbona mmeandika kasia, mitungi hamjaiandika?"

Sikuwa na jibu. Nilisema mhariri hakutaka, ambalo halikuwa kweli, kwa sababu sikuwa nimemuuliza. Baba mdogo akakaa kimya kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Njoo Jumamosi. Kuna kitu nataka kukwambia."

*

Nilimkuta anakwangua nta kwenye fremu za mizinga. Mama mdogo alikuwa amekwenda kwenye msiba Poli, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Tukanywa chai. Akaanza kwa kunifundisha, kwa sababu hawezi kueleza kitu bila kuanzia mwanzo.

Jaketi la ndege, alisema, ni kitu rahisi. Ni mpira mwembamba wenye rangi ya njano, na pembeni umefungiwa mtungi mdogo wa chuma, wa kuenea kiganjani. Ndani ya mtungi kuna kabonidayoksaidi iliyoshindiliwa. Ukivuta utepe mwekundu, sindano inautoboa mtungi, gesi inaingia kwenye mpira, jaketi linajaa kwa sekunde chache. Kuna kitaa kinachowaka kikigusa maji, na mrija wa kupuliza kwa mdomo kama gesi imeshindwa.

Karakana hulifungua kila baada ya muda uliowekwa. Unalijaza upepo na kuliacha ili uone kama linavuja. Unaangalia tarehe ya betri ya kitaa. Halafu unaufungua ule mtungi na kuupima kwenye mizani, kwa sababu mtungi mzima na mtungi uliovuja vinafanana machoni. Chuma ni kilekile na rangi ni ileile. Kinachovitofautisha ni uzito tu. Uzito wake sahihi umegongwa ubavuni. Ukipungua kwa gramu chache, mtungi huo unautupa. Ukimaliza, unakunja, unaweka lebo yenye tarehe, unatia saini kwenye kadi ya kazi.

"Sasa sikiliza," akasema.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita. Ndege ilitakiwa kuondoka alfajiri kwenda visiwani na watu. Yeye alikuwa zamu ya usiku, na kwenye meza kulikuwa na majaketi sita yaliyobaki katika fungu kubwa. Alishayajaza upepo, hayavuji. Taa ziko sawa. Imebaki mitungi. Akachukua mizani, akaibonyeza, haiwaki. Betri imekufa. Betri nyingine iko stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo yuko kwake Sanawari amelala. Saa tisa za usiku. Ameshapima mitungi mingi wiki hiyo na yote ni mizima. Akaiangalia ile sita, ikafanana na mizima. Akaikaza, akakunja, akaweka lebo. Akatia saini.

"Mara ngapi?"

"Mara sita. Kila jaketi na kadi yake."

Ndege ikaenda ikarudi. Ikaenda tena. Hakuna lolote lililotokea. Siku ya tatu iliporudi karakana kwa kazi nyingine, aliingia ndani peke yake wakati wenzake wanakula, akayatoa yale sita, akayapima. Mitano ilikuwa sawasawa na namba iliyogongwa. Wa sita ulikuwa mwepesi. Ulikuwa umevuja, pengine kwa miezi, taratibu, bila sauti.

Akaubadilisha, akarudisha jaketi. Hakumwambia mtu. Hakuandika popote.

Nilimwambia kile ambacho mtu yeyote angesema: kwamba lina mrija, abiria angepuliza kwa mdomo. Akanitazama kama ninavyotazamwa nikikosea hesabu. "Mtu mzima angepuliza. Mtoto je? Aliyevunjika mbavu? Aliyeingia majini usiku, anatetemeka, anavuta ule utepe na hakuna kinachotokea, atakumbuka mrija?"

Nikataja ajali ya Comoro, Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini mbele ya ufukwe. Watu 125 kati ya 175 walikufa, na baadhi walikuwa wameyajaza majaketi wakiwa bado ndani, maji yalipoingia yakawabana juu darini. Nilitaka kusema kwamba hata jaketi zima linaweza kuua. Akakubali, kisha akakataa nilipotaka kumpeleka. "Abiria kutojua ni jambo la abiria na wa kumfundisha. Mtungi mtupu ni wangu."

*

Kuna ajali moja ambayo mafundi wa ndege hufundishwa kote duniani, na baba mdogo aliisoma kwenye kozi miaka kadhaa baada ya usiku ule. Aliniambia alitoka darasani akaenda kukaa chooni.

Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya shirika la ValuJet, aina ya DC-9, iliruka kutoka Miami kwenda Atlanta nchini Marekani. Baada ya dakika chache moshi ukaingia ndani, na ndege ikaangukia kwenye kinamasi cha Everglades. Wote 110 walikufa. Moto ulianzia kwenye mizigo, ndani ya maboksi yenye vifaa vya kuokolea maisha: makopo ya kutengeneza oksijeni.

Ndege nyingi za abiria hazibebi mitungi ya hewa kwa ajili ya zile barakoa zinazodondoka juu ya viti. Juu kule kuna kopo lenye kemikali. Ukiivuta barakoa, pini inachomoka, kemikali inawaka kwa ndani, na katika kuwaka huko inatoa oksijeni kwa dakika kumi na kitu. Kopo lenyewe linapata joto kali sana. Likiwa mahali pake halina shida, kwa sababu limezungushiwa visivyoungua.

Makopo ya Miami yalikuwa yametolewa kwenye ndege nyingine kwa sababu muda wake umepita. Utaratibu ulitaka kila kopo lisilotumika livishwe kifuniko cha plastiki ili lisijiwashe. Karakana haikuwa na vifuniko hivyo. Kadi ya kazi ilikuwa na mstari unaosema vifuniko vimewekwa, na mstari huo ukatiwa saini. Baadaye mtu mwingine akayafunga kwenye maboksi, mwingine akaandika kwamba ni matupu, mwingine akayapokea, mwingine akayapakia karibu na matairi. Kila mmoja aliamini karatasi iliyotoka kwa aliyemtangulia. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuua. Walikuwa wanamalizia kazi.

"Niliposikia 'mstari ukatiwa saini,'" baba mdogo akasema, "niliona mkono wangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata baada ya kozi, hata baada ya kustaafu. Akasema enzi zile fundi aliyekiri alikuwa anafukuzwa, na aliyenyamaza alikuwa anapandishwa cheo. Alikuwa na watoto watatu shuleni. Wenzake nao, ana hakika, walikuwa na usiku wao, maana mizani ile ilikuwa ya wote. Lakini kwa kuwa kila mtu alinyamaza, mwenye ufunguo wa stoo aliendelea kulala Sanawari, na hakuna aliyeagiza mizani ya pili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linazitaka nchi ziwe na njia ya watu kuripoti makosa yao kwa hiari, na kuwalinda wanaoripoti. Niliwahi kuandika kuhusu jambo hilo na kuliona ni lugha ya semina. Kumbe maana yake ni hii: fundi aweze kusema asubuhi, "Jana sikupima," na asirudi nyumbani bila kazi. Asiposema yeye, hakuna mwingine atakayesema. Mtungi hausemi.

*

Sasa yangu.

Miaka michache kabla ya Bukoba nilipelekwa kuripoti zoezi la dharura katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Tulikaribishwa, tukapewa fulana na ratiba. Zoezi lilichelewa. Nikaona wanaume wamebeba machela, nikaona gari la kuzima moto limewashwa taa, nikapiga picha. Kabla hawajafungua maji nilishaondoka, kwa sababu nilikuwa na habari nyingine ya kuwahi na mpiga picha alikuwa na njaa. Ofisini nikachukua taarifa iliyokuwa imeandaliwa tangu jana yake, nikaandika: "Zoezi hilo limefanyika kwa mafanikio na vifaa vyote vimefanya kazi kama ilivyokusudiwa." Juu yake nikaweka jina langu.

Pengine vifaa vyote vilifanya kazi kweli. Sikuona. Jina la mwandishi juu ya habari ni saini kama ile ya kwenye kadi, na mtu anayesoma anaamini kwamba kuna aliyesimama pale mpaka mwisho. Nilimsimulia baba mdogo. Nilidhani atanifariji, kwa kuwa yeye amenionesha lake. Hakunifariji. Aliuliza, "Ulirudi kuangalia?"

Sikurudi. Yeye alirudi siku ya tatu.

Hiyo ndiyo tofauti yetu, na ndiyo sababu ninaandika haya. Wiki ile niliandika maswali kuhusu mitungi ya Bukoba, nikaenda kwa mhariri. Akaniambia habari ile imeshapoa. Safari hii aliniambia kweli, sikumsingizia. Nimejiwekea kanuni mbili ndogo. Siandiki "kwa mafanikio" kwa kitu ambacho sikukiona mpaka mwisho. Na nikihoji watu wa uokoaji, wa ziwani, wa barabarani au wa mlimani, naomba kuona daftari la ukaguzi kabla ya kuona gari. Wengine wananionesha. Wengine wananiletea soda.

*

Baba mdogo aliniruhusu kuandika kwa sharti kwamba asome kwanza. Nikachapa, nikampelekea Usa River kwa bodaboda, maana kusoma kwenye simu hataki. Zikapita siku nne. Jumanne usiku akapiga.

"Nimesoma."

"Ndiyo, ba'mdogo."

"Umeandika vizuri. Kuna sehemu moja urekebishe."

Nikachukua kalamu. Nilidhani ni kitu cha kiufundi, uzito wa mtungi, jina la kifaa.

"Ile mizani," akasema. "Betri haikuwa imekufa."

Nikanyamaza.

"Nilikwambia imekufa kwa sababu ndivyo nimekuwa nikijiambia mwenyewe miaka yote. Hata mwenye ufunguo yuko kwake, lakini sikuhitaji ufunguo. Mizani ilikuwa inawaka, iko mezani, hapa na pale ulipokaa wewe. Nilikuwa nimechoka. Mitungi sita, dakika kumi. Nilitaka kukaa."

Nikamuuliza kama nifute aya ile na kuiandika upya. Akafikiri. Nyuma yake nilisikia mbwa wanabweka, na mama mdogo akiwaita.

"Usifute. Iache kama nilivyokwambia mara ya kwanza. Halafu chini yake andika kweli."